Shajara ya mradi: fani sita na safu moja ya tarakimu

Wiki ya 1

Leo tumegawana kazi. Mradi ni kitabu kidogo cha kumwingiza msomaji wa Kiswahili kwenye sayansi ya utambuzi, yaani elimu ya namna akili inavyopokea habari, inavyozitunza na inavyozitumia. Tunataka kiwe na mazoezi ambayo msomaji anaweza kuyafanya mwenyewe akiwa na karatasi, saa yenye mshale wa sekunde na mtu mmoja wa kumsaidia. Tuko sita. Mimi naandika programu za kompyuta, na ndiye niliyepewa kushika shajara. Wengine ni Dada wa isimu, Mwalimu wa saikolojia, Daktari anayetafiti ubongo, Kaka wa anthropolojia, na Mzee wetu wa falsafa. Majina tumekubaliana yasiandikwe humu.

Mpango umepatikana haraka: sura sita, kila mtu na fani yake, na sura moja ya historia mwanzoni. Tumeuchukua kwenye mchoro unaojulikana na kila aliyepita kwenye somo hili, ile pembesita ya mwaka 1978 iliyotoka kwenye ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya mfuko wa Alfred P. Sloan wa Marekani. Falsafa, isimu, anthropolojia, sayansi ya neva, sayansi ya kompyuta na saikolojia, kila moja kwenye kona yake. Kona sita, watu sita. Tumeachana kwa furaha.

Wiki ya 2

Nimemaliza rasimu ya historia. Ni fupi na nadhani ibaki fupi. Kwa miaka mingi tangu John Watson alipotoa tamko lake mwaka 1913, wanasaikolojia wengi wa Marekani walikataa kuzungumzia kilichomo kichwani. Walipima tabia inayoonekana, basi. Mambo yakageuka katikati ya karne. George Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuja kuchagua tarehe 11 Septemba 1956 kuwa siku ya kuzaliwa kwa sayansi ya utambuzi. Ilikuwa siku ya pili ya kongamano la nadharia ya habari pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, na siku hiyo Allen Newell na Herbert Simon walieleza programu yao ya kuthibitisha kanuni za mantiki, na Noam Chomsky akaeleza kwa nini modeli sahili za mfuatano wa maneno haziwezi kubeba sarufi ya lugha ya binadamu. Jina lenyewe lilitolewa na Christopher Longuet-Higgins mwaka 1973. Jarida la fani hii likaanza mwaka 1977, chama chake kikafanya mkutano wa kwanza La Jolla, California, mwaka 1979. Hayo yanatosha.

Kilichonishika ni kitu kingine. Miller aliandika kumbukumbu zake mwaka 2003, na humo anaeleza ile kamati iliyokusanya ripoti ya 1978. Ilikutana mara moja tu, Kansas City. Ikaonekana mapema kwamba kila mjumbe anaijua fani yake, na kuhusu fani za wenzake amesikia matokeo mawili matatu ya kuvutia. Baada ya saa kadhaa za mazungumzo, wa fani hii hakutaka tena kutoa hukumu kuhusu fani ile. Mwishowe kila mmoja akaandika muhtasari wa fani yake, na wahariri wakaziunganisha.

Nimewasomea wenzangu sehemu hiyo jioni. Palikuwa na ukimya, kisha Mzee akasema, "Basi sisi tumeanzia pale wao walipoishia."

Mpango wa sura sita tumeufuta. Sijutii. Ukiiangalia pembesita vizuri, kona ndiyo sehemu yake isiyo mpya. Falsafa ilikuwapo, isimu ilikuwapo. Kipya ni mistari. Kona sita zinaweza kuunganishwa kwa mistari 15, na kitabu chetu hakikuwa na hata mmoja.

Wiki ya 3

Mwalimu ndiye aliyeleta pendekezo: tuchukue jambo dogo kabisa, kisha sote tulizunguke hilohilo. Mtu anakusomea tarakimu, moja kila sekunde: 4, 9, 2, 7, 1, 8, 3. Akinyamaza unazirudia kwa mpangilio uleule. Ukifaulu anaongeza moja. Pale unapoanza kukwama ndipo penye mpaka wa kumbukumbu yako ya muda mfupi. Zoezi hili Joseph Jacobs alilieleza tangu mwaka 1887, na Miller akalipa umaarufu mwaka 1956 kwa makala yake kuhusu namba saba, ikiongezeka au kupungua kwa mbili.

Tukajaribu papo hapo. Kaka alikuwa wa kwanza. Tarakimu sita alizirudisha bila kusita. Kwenye saba alizitaja zote, lakini ya nne na ya tano zilibadilishana nafasi: alisema "moja, saba" badala ya "saba, moja". Yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa na uhakika kabisa.

Ubishi ulianza kabla hajarudi kwenye kiti. Nimejaribu kuuandika kama ulivyokuwa, kwa sababu nadhani ndio mwanzo halisi wa mradi.

Mimi nilisema kumbukumbu ni mahali. Kwenye kompyuta kila kitu kimewekwa kwenye anwani yake. Ukiitaka data, unaita anwani. Kwa hiyo swali langu lilikuwa: Kaka ana nafasi ngapi, na kwa nini mbili zimechanganyika? Daktari akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, mimi ndani ya ubongo sioni masanduku. Ninachokiona ni seli za neva, na viunganishi kati yake vinavyopata nguvu au vinavyolegea." Mwalimu akasema yeye hazungumzii kitu kimoja, kwake kumbukumbu ni uwezo zaidi ya mmoja, na huu wa sekunde chache si ule wa miaka. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mnatafuta kilipo kabla hamjakubaliana ni kitu gani?"

Hapo Dada akatukumbusha jambo ambalo sote tunalisema kila siku bila kuliona. Kwa Kiswahili neno kumbukumbu ni la kichwani na ni la kwenye karatasi pia. Katibu anaandika kumbukumbu za kikao, wajumbe wanazithibitisha, zinawekwa kwenye jalada. Hakuna anayehisi kwamba ametumia neno kwa maana ya kuazima. Kaka akaruka juu: ndiyo hasa anayotaka kuiandika, kwamba watu hukumbuka kwa pamoja na kwa vitu.

Tulitoka tukiwa na maana tano za neno moja. Nimeziandika zote kwenye ukurasa wa kwanza wa rasimu mpya, bila kuchagua.

Wiki ya 5

Wiki ya Dada. Ameleta utafiti wa Alan Baddeley na wenzake wa mwaka 1975, ulioonyesha kwamba maneno marefu kutamka hukumbukwa machache kuliko mafupi, na kwamba kwa makadirio mtu hukumbuka kiasi anachoweza kukisema kwa muda wa sekunde mbili hivi. Mtu anazirudia tarakimu kimoyomoyo ili zisipotee, na zikiwa ndefu, za mwanzo zinafifia kabla zamu yake haijafika tena.

Ukilikubali hilo, lugha unayohesabia si jambo la pembeni. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly walichapisha uchunguzi wa watu wanaozungumza Kiwelisi (lugha ya Wales, Uingereza) na Kiingereza. Majina ya tarakimu za Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kuyatamka, na watu walewale walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi. Walipozuiwa kurudia kimoyomoyo, kwa kutakiwa wataje kitu kingine wakati huohuo, tofauti ikatoweka. Kwa hiyo akili ilikuwa ileile. Kilichokuwa kirefu ni maneno.

Dada akatuandikia yetu ubaoni, akizigawa kwa silabi. Mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no, si-ta, sa-ba, na-ne, ti-sa. Kila moja ina silabi mbili, hata nne, kwa sababu ile "n" ya mwanzo ni silabi kamili. Jumla 18. Kwa Kiingereza, moja hadi tisa ni silabi 10, kwa kuwa ni saba peke yake yenye silabi mbili.

Mimi nilitaka kuandika moja kwa moja kwamba msomaji wa Kiswahili atakumbuka tarakimu chache zaidi. Dada akanizuia, na alikuwa na haki. Silabi si sekunde. Silabi za Kiswahili ni fupi na karibu zote zinaishia kwa irabu, na msemaji mwepesi huzipitisha upesi. Kinachotakiwa ni kupima muda. Tumebadilisha zoezi: kwanza msomaji asome kwa sauti safu ya tarakimu 20 na apime sekunde, kwa kila lugha anayoijua, ndipo afanye jaribio la kukumbuka katika lugha hizohizo, kisha atazame kama lugha aliyoisoma polepole ndiyo iliyompa safu fupi.

Nataka jambo hili lisisitizwe kwenye kitabu. Safu ya tarakimu ni sehemu ya vipimo vya akili vinavyotumika kwa watoto. Mtoto akipimwa kwa lugha yenye majina marefu, kisha matokeo yake yakalinganishwa na viwango vilivyowekwa kwa lugha yenye majina mafupi, anaonekana amepungukiwa na kitu ambacho hajapungukiwa. Mwanasaikolojia peke yake angeweza kufanya kosa hilo kwa miaka. Ilihitajika mtu anayehesabu silabi.

Wiki ya 6

Fupi. Tumeandika sehemu ya mafungu. Hoja ya Miller ilikuwa kwamba mpaka uko kwenye mafungu, yaani vitu ambavyo akili imeviunganisha kuwa kimoja, na tarakimu ni aina moja tu ya fungu. Msomaji aliyepita kwenye historia yetu akisomewa 1, 9, 5, 6, 1, 9, 7, 8 hana vitu vinane; ana miaka miwili. Mwaka 1980 Anders Ericsson, William Chase na Steve Faloon walieleza mwanafunzi mmoja aliyeanza na tarakimu saba na, baada ya mazoezi ya zaidi ya saa 230, akafika 79. Alikuwa mkimbiaji, akazigeuza tarakimu kuwa muda wa mbio. Alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye sita hivi.

Mwalimu ameongeza sataranji: bingwa akionyeshwa ubao wa mchezo halisi kwa sekunde tano anaupanga upya sehemu kubwa, lakini vipande vikitawanywa ovyo, faida yake juu ya mwanagenzi karibu ipotee yote. Ni kazi ya Chase na Herbert Simon, 1973. Nelson Cowan, mwaka 2001, alidai kwamba ukizuia watu wasifunge mafungu wala kurudia kimoyomoyo, inabaki nne hivi. Kwa hiyo saba ile maarufu ni nne pamoja na msaada. Naipenda sehemu hii lakini haina ugomvi, na bila ugomvi hatuna la kuandika zaidi.

Wiki ya 7 na ya 8

Zamu yangu. Nimejenga mtandao wa aina aliyoieleza John Hopfield mwaka 1982, ambaye mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Geoffrey Hinton. Nataka kuueleza kwa undani kwa sababu ulinisumbua usiku mbili na ukanifundisha zaidi ya nilichotarajia.

Una vitone 35, mistari saba yenye vitone vitano vitano, kama taa ndogo za kuandikia herufi. Kila kitone kimewaka au kimezimika, na kila kimoja kimeunganishwa na vingine vyote. Kanuni ya kujifunza ni fupi. Katika herufi unayofundisha, vitone viwili vikiwa na hali moja, kiunganishi chao kinaongezwa moja. Vikitofautiana kinapunguzwa moja. Ukimaliza, unauonyesha mtandao herufi iliyoharibika. Unachagua kitone kwa bahati nasibu, kinasikiliza kura za wenzake 34, kinawaka au kinazimika. Kisha kingine, hadi pasiwe na kinachobadilika. Hakuna anwani popote. Herufi imo kwenye viunganishi vyote kwa pamoja, na ukiufundisha herufi ya pili, inalala kwenye viunganishi vilevile. Daktari alipouona alitabasamu na kusema, "Sasa tunaanza kuelewana."

Nikafundisha E na F. Kisha nikaupa E ambayo mstari wake wa chini umefutika nusu. Ukarudisha E. Nikarudia, herufi ileile, programu ileile. Ukarudisha F. Nikarudia tena: F, E, E, F. Nilidhani nimekosea kwenye msimbo. Nilikagua mstari kwa mstari usiku wa kwanza. Usiku wa pili nikaacha kompyuta, nikachukua kalamu.

E na F katika gridi yangu zinatofautiana kwenye vitone vinne tu, vile vya mstari wa chini. Kile cha kwanza kushoto kimewaka kwa zote mbili. Vile vingine 31 ni sawa kabisa. Sasa chukua kitone kimoja kati ya vile vinne na kimoja kati ya vile 31. E inawapa kura fulani, F inawapa kura kinyume chake, na jumla ni sifuri. Yaani herufi yote iliyobaki, pamoja na uzito wake wote, haina la kuviambia vitone vinne vya chini. Vinasikilizana vyenyewe kwa vyenyewe. Nilipofuta nusu, viwili vilikuwa vimewaka na viwili vimezimika. Kitone kilichowaka kikipata zamu ya kwanza, kinaona mwenzake mmoja amewaka na wawili wamezimika, kinazimika, na wengine wanafuata: F. Kilichozimika kikitangulia, kinaona wawili wamewaka na mmoja amezimika, kinawaka: E. Zamu ya kwanza inaamua kila kitu.

Programu haikuwa na kosa. Mtandao ulikuwa unakosea kwa sababu ya jinsi unavyotunza.

Nikawaonyesha wenzangu karatasi ile, na Mwalimu akaleta mara moja utafiti wa R. Conrad wa mwaka 1964. Watu walionyeshwa herufi kwa macho, wakatakiwa kuzikumbuka. Makosa yao yalifuata sauti: walichanganya zile ambazo majina yake kwa Kiingereza yanasikika karibu karibu, kama B na V, japokuwa hazikusomwa kwa sauti hata mara moja. Mtandao wangu unachanganya zinazofanana kwa umbo. Wale watu walichanganya zinazofanana kwa sauti. Kwa hiyo kosa linakuambia kitu kimetunzwa kwa namna gani, hata pale ambapo mwenye kukosea hajui.

Kisha Mwalimu akanigeukia, kwa upole lakini bila kunihurumia. "Kaka wiki ile alipogeuza ya nne na ya tano, tarakimu zote alikuwa nazo. Alichopoteza ni mpangilio. Mtandao wako una mpangilio wapi?" Hauna. Unatunza picha, haujui kipi kilitangulia. Karl Lashley alishasema mwaka 1951 kwamba mpangilio wa matendo kwa zamu ndilo tatizo ambalo wenzake hawajalikabili, na mimi nimejenga kitu kisichoweza hata kuliuliza. Mtandao utabaki kitabuni, lakini na maelezo ya wazi kwamba ni modeli ya kukamilisha kilichopungua. Si modeli ya safu ya tarakimu.

Ninaona sasa kwamba wiki zote ambazo tumeelewana ni wiki ambazo mezani palikuwa na kosa. Kosa la Kaka, upungufu wa Kiwelisi, E na F. Fani zetu hazina neno la pamoja, lakini kosa lililotokea limetokea kwa wote, na kila mmoja anapaswa kulieleza.

Wiki ya 9

Daktari ameandika sehemu yake kwa mkono, na nimeinakili bila kubadilisha neno. Ni habari ya Henry Molaison, aliyejulikana kwa herufi H.M. hadi alipofariki mwaka 2008. Mwaka 1953 alipasuliwa ili atibiwe kifafa kikali, na daktari William Scoville akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, pande zote mbili. Tangu hapo hakuweza kujijengea kumbukumbu mpya za maisha yake. Lakini Brenda Milner alipomchunguza, safu ya tarakimu aliirudisha kama watu wengine.

Kuna kisa kimoja. H.M. aliambiwa akumbuke namba 584, akaachwa peke yake. Baada ya dakika 15 bado alikuwa nayo. Alipoulizwa ameishikaje alieleza njia yake: tano, nane na nne jumla ni 17, kumbuka nane, toa kwenye 17, inabaki tisa, igawe tisa, unapata tano na nne. Hiyo hapo, 584. Muda mfupi baadaye, mawazo yake yalipohamishwa, hakuikumbuka namba, wala njia, wala kwamba aliwahi kupewa namba.

Dada aliposoma alikaa kimya muda mrefu. Nami pia.

Upande wa pili wa habari hiyo ni mgonjwa aliyeelezwa na Tim Shallice na Elizabeth Warrington mwaka 1970. Yeye tarakimu mbili tu zilimshinda kuzirudisha kwa uhakika, lakini kujifunza mambo ya kudumu aliweza. Mmoja amepoteza hiki akabaki na kile, mwingine kinyume chake. Mzee akasema hiyo ndiyo hoja bora ya kifalsafa aliyoisikia tangu tuanze, na imetolewa na watu wawili waliougua. Ndiyo maana Mwalimu alikuwa sahihi wiki ya tatu: neno moja, uwezo zaidi ya mmoja.

Wiki ya 11

Wiki ngumu. Kaka ameleta makala ya Edwin Hutchins ya mwaka 1995 kuhusu namna chumba cha rubani kinavyokumbuka mwendo wa ndege. Kinachokumbuka ni chumba chenyewe. Wakati wa kushuka, mwendo salama hubadilika kadiri mabawa yanavyobadilishwa umbo, na hutegemea uzito wa ndege siku hiyo. Marubani hawazishiki namba hizo kichwani. Zinatolewa kwenye kadi iliyoandaliwa kwa uzito huo, kisha vialama vidogo vinasogezwa ukingoni mwa saa ya mwendo. Baada ya hapo rubani hasomi namba. Anatazama tu mshale umefika wapi ukilinganisha na alama. Kukumbuka kumegeuka kuwa kutazama.

Mwalimu akapinga vikali. Kwake vialama ni msaada wa kumbukumbu. Kumbukumbu yenyewe hukosea kwa namna za binadamu: kwa sauti, kwa mpangilio, kwa kufifia. Alama ya plastiki haifanyi hivyo. Hapo Mzee akaingiza mfano wa Andy Clark na David Chalmers wa mwaka 1998. Otto ana ugonjwa wa Alzheimer, na kila analojifunza analiandika kwenye daftari asiloachana nalo. Akitaka kwenda makumbusho anafungua daftari, anasoma kwamba yako Mtaa wa 53, anakwenda. Mtu wa pili katika mfano huo, Inga, anakumbuka kichwani na anakwenda. Wanauliza: kama daftari linafanya kwa Otto kazi ileile, linapatikana wakati wote, na analiamini bila kusita, kwa nini tusiseme ni sehemu ya akili yake?

Nilimwambia Mzee kwamba naegemea zaidi jibu la Mwalimu. Bado naona hivyo. Daftari halina mpaka wa nne wala wa saba, na kitu kisichokosea kama akili nashindwa kukiita akili. Mzee alisema hiyo ni hoja kuhusu namna akili ilivyotengenezwa, si kuhusu akili ni nini, na David Marr, mtafiti wa namna ubongo unavyoona, alishatufundisha kutenganisha maswali hayo: kazi ni ipi, inafanywa kwa hatua gani, na kwa kiwiliwili gani. Sina jibu. Sura itabeba pande zote mbili, na majina ya wanaozishika.

Wiki ya 12

Tumesoma makala ya Rafael Núñez na wenzake ya mwaka 2019. Walitazama majarida, mafunzo ya waandishi, na mitaala ya vyuo, wakahitimisha kwamba fani moja yenye umoja, ile iliyotarajiwa na waasisi, haikutokea; saikolojia imechukua sehemu kubwa na nyingine zimerudi nyuma. Anthropolojia imekaribia kutoweka. Kaka hakushangaa.

Mimi nashika msimamo kwamba hilo ni hasara ya kweli, na sababu inapimika. Jeffrey Arnett alichambua majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani na kuchapisha mwaka 2008: asilimia 96 ya walioshiriki kwenye tafiti walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo wakati huo zilikuwa na asilimia 12 hivi ya watu wa dunia. Ukiwaondoa watu wa lugha na wa utamaduni mezani, hakuna wa kuuliza kama tarakimu za Kiwelisi ni ndefu. Unabaki na namba saba, na unadhani ni ya binadamu wote.

Wiki ya 14

Rasimu nzima imekaa pamoja, kurasa 90 hivi. Yaliyobaki ni michoro ya mtandao, ukaguzi wa istilahi (Dada hataki "hipokampasi" ibadilishwe, Daktari naye hataki itafsiriwe, kwa hiyo hapo wamekubaliana), na utangulizi.

Utangulizi ndio uliotukwamisha leo. Tulitaka kumshukuru aliyetoa wazo la safu ya tarakimu. Kaka alisema kwa uhakika mkubwa kwamba ni yeye. Anakumbuka alivyosimama kuanza. Daktari alikuwa na hakika ni Dada, kwa sababu ya zile silabi ubaoni. Mwalimu alisema hana uhakika, labda lilitoka kwa wote.

Mzee hakusema kitu. Alinyoosha mkono, nami nikampa shajara. Akafungua wiki ya tatu, akaisoma kwa sauti: "Mwalimu ndiye aliyeleta pendekezo." Kila mtu akakubali palepale, hata Kaka.

Mzee akafunga daftari bila kuliachia. Akaniuliza, "Haya uliyaandika jioni ileile, au kesho yake?"

Niliyaandika kesho yake.